Binti yangu kachaguliwa mashindano ya hesabu, na darasani ni wa kumi na nne. Nimruhusu?

MamaDuka_Rau

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo, hasa kwa walimu na wazazi waliokwisha kupitia jambo hili.

Nina binti kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Moshi. Juzi kaja na barua: mwalimu wa hesabu kamchagua yeye na wenzake wachache waende kwenye mashindano ya hesabu ya shule za sekondari, Arusha, Jumamosi moja mwezi ujao. Wanataka sahihi ya mzazi, nauli na hela ya chakula. Hela naimudu, siyo hiyo inayonifanya niandike.

Huyu mtoto siyo kinara. Hesabu anapata sitini, siku nzuri sabini. Ripoti ya mwisho alikuwa wa kumi na nne. Halafu ni mzito jamani. Ukimpa swali anakaa nalo, anakuna kichwa, anachorachora, ukirudi baada ya nusu saa yuko palepale. Mtihani hamalizi hata siku moja, na maoni ya mwalimu wa darasa kila muhula ni yaleyale, "aongeze kasi". Darasani kwao wapo wanaopata tisini na hawakuchaguliwa. Mama wa mmoja wao kanifuata dukani, kanunua kiberiti, kisha akaniuliza nimempa nini mwalimu.

Nikampigia mwalimu. Kasema, "Mama, huyu mwache aende," simu ikakatika.

Baba yake hataki. Mwezi wa kumi na moja kuna mtihani wa taifa wa kidato cha pili, anasema nguvu zote ziende huko, medali haiandikwi kwenye ripoti. Mimi naogopa kingine: ataenda kukaa na watoto wa shule za bweni zenye majina, aone hajui kitu, arudi ameisusa hesabu moja kwa moja.

La mwisho. Kuna kituo cha tuisheni hapa mjini kinagawa vipeperushi: wiki sita, sh 150,000, wanaandaa watoto kwa "olimpiadi ya kimataifa", na kila mtoto anapata medali na cheti. Hiyo ndiyo hii ya shule au ni nyingine?

Msinicheke. Darasani niliishia la saba, ingawa za dukani hakuna anayenipiga.

Mzee_wa_Pasua

Mama, msikilize mumeo. Miaka hii ya karibuni matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wanaofaulu Hisabati ni kama robo tu ya waliofanya. Robo! Waliobaki wote wanaanguka, halafu shule inachagua watoto wachache inawapandisha basi kwenda Arusha kushindana. Hayo ni mapambo. Kwanza tufundishe watoto kujumlisha sehemu, ndiyo tuongee olimpiadi.

Na hicho kituo cha medali kwa kila mtoto, hata jibu hakihitaji.

Chalii_PCM

Shikamoo mama. Mimi chalii wa Chuga, niko form faivu PCM. Hayo mambo niliyapitia nikiwa kidato kama cha huyo mdogo wangu.

Aibu haipo. Tulivyoenda sisi hakuna aliyesomewa maksi zake mbele za watu, walitaja wa juu tu, wengine tulipiga makofi tukaenda kula. Na hao wa bweni unaowaogopa walikuwa wanatoka jasho kama sisi. Kalkuleta hairuhusiwi, kwa hiyo wote mnarudi kwenye mkono na kichwa. Kuna mmoja wa shule kubwa alikaa mbele yangu, bikari ya bei, saa ya bei, swali la tatu akaanza kung'ata rula.

Nilichojifunza ni kwamba sikuwa najua hesabu, nilikuwa najua kukariri njia. Ukikuta swali ambalo hukuwahi kuiona njia yake, unabaki unaliangalia na lenyewe linakuangalia.

Wasichana ndio walikuwa wachache mno ukumbini. Mwache aende bana.

Mwl_Ngaramtoni

Mama wa Rau, salaam. Nafundisha hesabu sekondari huku Arusha, upande wa Ngaramtoni, na Jumamosi mchana nabaki shuleni na watoto wanaopenda maswali ya aina hii. Hakuna posho, mke wangu ameshazoea. Watoto nimewasindikiza kwenye mashindano mara kadhaa, wengine wamerudi na vyeti, wengi wamerudi na njaa.

Wewe umeandika "mzito" kama kasoro. Mimi hilo neno ndilo lililonifanya niache kusahihisha nikuandikie.

Mtihani wa shule unapima kama mtoto anakumbuka njia na anaifuata haraka. Haina ubaya, ndivyo ulivyotungwa. Mashindano yanapopanda ngazi, kipimo kinageuka. Chukua yale ya juu kabisa, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati. Mtoto anapewa maswali matatu, anakaa nayo saa nne na nusu. Kesho yake mengine matatu, saa nne na nusu tena. Maswali sita, kila moja alama 7, jumla 42, basi. Hakuna kuchagua A, B, C. Unaandika kwa maneno yako kwa nini jambo ni kweli, na anayesahihisha anafuatilia hoja yako mstari kwa mstari. Huko mtoto anayekaa na swali moja nusu saa tungemwambia ana haraka.

Wanaoshindana huko ni watoto waliochujwa na nchi zao, na bado karibu nusu yao wanaondoka bila medali yoyote. Mtu akikosa medali lakini akapata swali moja kamili, 7 kwa 7, anatajwa kwa heshima na kupewa cheti. Swali moja! Kwa hiyo mtoto wako akirudi Moshi na mawili matatu mkononi, usilie.

Ila sitakudanganya, ngazi za mwanzo huku kwetu mara nyingi haziko hivyo. Zina maswali mafupi mengi na muda unabana. Mtoto anayefikiri taratibu anaweza kuumia kwenye mchujo wa kwanza, na nimeona wazuri wakiachwa hapo. Hilo ni tatizo la mchujo na sijui kama litaisha leo. Mwambie tangu nyumbani: asome maswali yote kwanza, aanze na anayoyaona, lile linalomvutia alibakize mwisho ndipo azame nalo.

Ngoja nikuonyeshe swali ili baba yake naye aone tunaongelea nini. Hili ndilo swali la kwanza la mashindano ya kwanza kabisa, Romania, 1959, zilipokwenda nchi saba tu. Chukua sehemu hii: juu 21n + 4, chini 14n + 3. Onyesha kwamba haikatiki, yaani hakuna namba zaidi ya 1 inayogawa juu na chini kwa pamoja, n ikiwa namba nzima yoyote kuanzia 1 kwenda mbele.

Weka n = 1, unapata 25 juu ya 17. Haikatiki. n = 2, 46 juu ya 31. Haikatiki. n = 3, 67 juu ya 45. Haikatiki. Mtoto aliyezoea kukariri ataendelea hivi mpaka kumi, aandike "imethibitika", akunje mikono. Bado. Nani kakuambia ya elfu moja haitakatika?

Sasa tulia. Tuseme ipo namba inayogawa juu na chini bila baki. Basi inagawa pia chini mara tatu, yaani 42n + 9. Inagawa pia juu mara mbili, 42n + 8. Kama inagawa zote mbili, inagawa na tofauti yake. Tofauti ni 1. Namba nzima inayogawa 1 ni 1 peke yake. Kwa hiyo hakuna cha kukatia, iwe n ni tatu au ni milioni.

Humo hakuna kitu ambacho mtoto wa kidato cha pili hajafundishwa. Kugawa, kuzidisha, kutoa. Kilichoongezeka ni kukaa.

Kuhusu hicho kituo cha tuisheni. Olimpiadi ya kimataifa hainunuliwi. Kila nchi inapeleka watoto wasiozidi sita, wawe chini ya miaka 20 na hawajaanza chuo kikuu, na nchi ndiyo inayowachagua. Tanzania imeshapeleka. Kuna ya Afrika nzima pia, ilianza Rabat, Morocco, 1987, na 2023 ilikuwa hapo Kigali kwa majirani. Njia ya kwenda huko inaanzia shuleni na kwenye mashindano ya kitaifa. Walimu wengi wa hesabu wanakijua Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, mwalimu wa binti yako muulize hilo. Maswali yote ya kimataifa tangu 1959 yako bure kwenye tovuti ya mashindano yenyewe, unahitaji bando kidogo na hela ya kuprinti. Sh 150,000 kalishie duka.

Usimpime kwa ripoti. Mpime nyumbani, kesho asubuhi. Mwambie hivi: mama anafunga maandazi kwenye vifungashio vya matatu na vya matano tu, na kifungashio hakivunjwi. Mteja akitaka manane anapata, kimoja cha tatu na kimoja cha tano. Akitaka saba, hapati. Ni idadi gani nyingine ambazo mteja hawezi kupata? Akishakutajia, muulize swali moja tu: umejuaje kwamba umezimaliza? Usimsaidie. Usimwangalie usoni. Halafu uje utuambie alifanya nini, sitaki jibu, nataka kujua alifanya nini.

Mama_Kijenge

Mimi naomba niseme upande wa pili maana hapa wote mnasifia. Kijana wangu alienda, akiwa anaongoza darasa tangu la kwanza. Alikwama swali la kwanza, akaling'ang'ania mpaka muda ukaisha. Kurudi hakula siku nzima. Mwaka ule akawa hataki kushika swali lolote gumu, anataka yale anayojua atapata. Mimi nadhani anayeumia ni yule aliyezoea tisini. Huyo wa kwako mama ameshazoea kutomaliza.

MamaDuka_Rau

Nimerudi. Asanteni wote, na mwalimu aika sana.

Nilimuuliza jioni badala ya asubuhi, asubuhi kuna wateja. Nilikuwa nakanda unga, yeye anaosha vyombo. Nikamwambia kama ulivyoandika. Akauliza, "Ya kweli au ya uongo?" Nikamwambia ya uongo, sisi tunauza moja moja. Akaendelea kuosha.

Mara naona katoka na mikono ina povu, kaenda kaunta, kachukua daftari langu la mikopo. Ukurasa wa nyuma kabisa, ila ni daftari la mikopo jamani, nina madeni ya watu humo! Akaandika 1, 2, 4, 7. Nikamuuliza umejuaje umezimaliza. Akanyamaza. Nimekanda, nimefunika, nimeweka mafuta, yuko pale amesimama na kalamu. Baba yake akapita akasema, "Nani ananunua maandazi saba?" Hakujibiwa.

Baadaye akasema, "Nane ipo, tisa ipo, kumi ipo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi zimekwisha." Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Si unaongeza cha tatu." Mimi hapo sikuelewa, nikamwacha, maana umesema nisisaidie na hata ningetaka ningemsaidia nini.

Kilichonishangaza kilikuja baadaye, tumeshakula. Akaniuliza, "Mama, je, vingekuwa vya tatu na vya sita?" Nikamwambia sijui, kalale. Akasema, "Hapo haziishi." Akaenda kulala kweli.

Mwalimu, nimeeleza vizuri?

Mwl_Ngaramtoni

Mama, umeeleza kuliko walimu wengi wanavyojaza fomu.

"Si unaongeza cha tatu" ndiyo uthibitisho wenyewe, kaubana tu. Nane, tisa, kumi zipo. Ongeza kifungashio cha tatu kwa kila moja, unapata kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Ongeza tena, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Hakuna inayorukwa. Anachotakiwa kujifunza sasa ni kuyaandika hayo yote kwa mtu asiyemjua, kwa sababu msahihishaji hatakuwepo jikoni kumuuliza. Hapo ndipo hupoteza alama watoto wa aina yake: wanaona, halafu wanaandika neno moja.

Lakini mimi nimesimama kwenye lile la tatu na sita. Hakuna aliyemuuliza. Swali limekwisha, vyombo vimeoshwa, na yeye kaligeuza mwenyewe aone litavunjika wapi. Watoto wa tisini ninaowafundisha, wazuri tu, ukiwapa jibu sahihi wanafunga daftari. Sasa nimejua mwalimu wake aliona nini, hata kama simu ilikatika.

Na kasema kweli. Tatu na sita haziishi, kwa sababu utapata vigawe vya tatu tu, 3, 6, 9, 12; ya kumi na tatu hutaifikia hata ufunge mpaka Krismasi. Orodha inaisha pale tu ambapo hizo namba mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Swali lake la pili mpe hili: vya tano na vya saba. Ipi ya mwisho ambayo mteja hawezi kupata? Wewe nakupa jibu, ni 23, usimwambie. Mwachie daftari jipya, la mikopo lifiche. Akishapata 7 kwa ile ya kwanza na 23 kwa hii, atafute uhusiano. Zidisha hizo mbili, toa zote mbili: 15 toa 8 ni 7, 35 toa 12 ni 23. Asipouona wiki hii, ataona wiki nyingine. Mwingereza mmoja, Sylvester, karne ya 19 alionyesha hata idadi ya hizo zisizopatikana: punguza moja kwa kila namba, zidisha, gawa kwa mbili. Kwa 3 na 5 ni 2 mara 4 gawa kwa 2, nne. Ndizo zile nne zilizoko nyuma ya madeni yako.

Kuhusu uzito wake nina moja la kuongeza. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati wa Iran, alipata dhahabu kwenye hiyo Olimpiadi ya Kimataifa 1994, akarudi 1995 akapata 42 zote. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, ambayo kwa wanahisabati ni miongoni mwa heshima za juu kabisa. Huyu alijieleza mwenyewe kuwa anafikiri polepole. Na mwaka wake wa kwanza alipotoka shule ya msingi, hesabu alifanya vibaya, mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji. Amefariki 2017, bado kijana. Simtaji ili binti yako aambiwe atakuwa yeye, tafadhali usimwambie hivyo. Namtaja kwa ajili ya ile "aongeze kasi".

Mama wa Kijenge, pole kwa kijana, na umeona sawasawa. Aliyezoea kumaliza ndiye anayeumia. Hao mimi huwapa swali lisilo na jibu rahisi miezi mingi kabla, wakasirike nikiwa karibu.

Mzee_wa_Pasua

Mwalimu, unaongea vizuri, ila hujanijibu. Huyu mmoja mwenye swali la tatu na sita sawa, aende. Na wale arobaini waliobaki darasani na F zao?

Mwl_Ngaramtoni

Mzee wangu, shikamoo. Nauli ya Arusha haitawasaidia hao, hilo nakubali. Na mimi F ninazo, darasani kwangu zimejaa.

Ila nikuambie ninachokiona Jumamosi, kwa sababu mlango siufungi, anaingia yeyote. Nina bao la drafti la mbao, lile la kuchezea vizibo vya soda. Nimeziba kona mbili kwa gundi ya karatasi, kona zinazotazamana kwa mshazari. Nawapa viberiti vitupu, kila kimoja kinafunika vyumba viwili vilivyopakana. Vyumba vilikuwa 64, vimebaki 62, viberiti ni 31. Wafunike bao lote, kiberiti kisitoke nje, kisipandane.

Wale wazuri wa darasani walipanga, wakapangua, wakapanga. Mmoja akaanza kutafuta fomula. Kulikuwa na kijana mmoja, hesabu zake zilikuwa ishirini na kitu, jioni anashinda kijiweni anacheza drafti na watu wazima. Alikuja kumsubiri mwenzake tu. Kaangalia bao dakika chache akasema, "Haiwezekani, umeziba weusi wote wawili."

Nikamwambia aseme tena. Akasema kila kiberiti kinakula cheupe kimoja na cheusi kimoja, weupe wako thelathini na mbili, weusi wamebaki thelathini. Viberiti 31 vitataka weusi 31, watatoka wapi? Darasa zima likanyamaza, halafu wakaanza kubishana wao kwa wao kama waliomaliza kula nyama.

Hakugeuka kuwa wa kwanza. Alipata D mtihani uliofuata, na mimi ile D nililipia soda. Mashindano ndiyo yaliyonifundisha kutafuta maswali kama hayo. Bila mashindano ningekuwa bado naandika mifano ya kitabu ubaoni. Ndiyo faida ninayoweza kukuonyesha kwa wale arobaini. Kama inatosha au haitoshi, wewe ni mzazi na mlipa kodi, una haki ya kusema haitoshi.

Mzee_wa_Pasua

Haitoshi. Lakini swali la drafti nimelipeleka kijiweni, watu wameacha kucheza.

Chalii_PCM

Mwalimu hiyo ya viberiti naiiba. Mama, mwambie mdogo wangu asimwone mtu akiandika haraka akaogopa. Wengi wanaoandika haraka wanaandika ili wasionekane hawaandiki. Mimi nilikuwa mmoja wao.

MamaDuka_Rau

Mwalimu, sasa ya vitendo. Avae sare au nguo za nyumbani? Abebe nini? Na mtihani wa mwezi wa kumi na moja tufanyeje, baba yake hilo hajaliachia.

Mwl_Ngaramtoni

Sare, na kitambulisho cha shule kama anacho. Kalamu mbili, penseli, kifutio, rula, bikari. Saa ya mkono akiweza kuazima, kwa sababu simu atanyang'anywa mlangoni. Karatasi watampa, mwambie atumie nyingi kwa rafu, mtoto wa kutwa ana tabia ya kubana karatasi kama ni yake.

Mwalimu asafiri nao, na awe na orodha ya majina na namba za wazazi. Kama barua haisemi nani anawasindikiza, usisaini mpaka uambiwe. Stendi Jumamosi jioni haifai kwa mtoto anayesubiri peke yake. Ni kilomita kama themanini tu, lakini waondoke alfajiri, anayefika amechelewa anaingia ukumbini na mapigo ya moyo.

Mtihani wa taifa baba yake yuko sahihi. Baada ya Jumamosi hiyo, maswali ya aina hii yawe ya Jumapili mchana, swali moja kwa wiki, siku nyingine afanye pepa za zamani za kidato cha pili na saa mezani, ajifunze kuacha swali likimshinda. Hiyo kasi wanayomdai ataipata kwa kuacha, siyo kwa kukimbia.

Akirudi msimuulize kapata ngapi, majibu hutoka baadaye na yeye hatajua. Muulize lipi alilipenda. Atakueleza mpaka usingizi ukushike.

MamaDuka_Rau

Anayesafiri nao ni mwalimu wake mwenyewe, nimeuliza leo. Barua imesainiwa. Kasaini baba yake, mimi sikumwomba, nimeikuta mezani. Kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Arudi kabla ya saa moja usiku."

Mwl_Ngaramtoni

Saa kumi huwa tumemaliza. Saa moja watakuwa wameshapita Bomang'ombe, basi lisipokaa sana kupakia.